Jina Nililomwita Msimamizi Wangu

Ndugu zangu, kabla ya salamu naomba msamaha. Mwandiko wangu ni mbaya na ninaandika polepole. Niliishia darasa la nane, na kalamu niliiacha huko. Halafu sisi wa upande wetu tukiongea tunachanganya r na l, na mtu huandika vile anavyoongea. Mahali nimekosea, yule atakayepiga chapa anirekebishie, na kama hakuona, wewe unayesoma nivumilie.

Sasa nawasalimu. Bwana apewe sifa na kila mmoja wenu, hata yule ambaye leo hana nguvu ya kusema amina kwa sauti. Mimi sijawahi kusimama mbele ya kanisa. Mchungaji wetu hapa Ruiru ameniita mara nyingi nishuhudie, na mimi nilikuwa nakaa karibu na mlango ili ibada ikiisha niwe wa kwanza kutoka. Mwishowe akaniambia kama mdomo umekataa, niandike. Basi naandika vile Mungu alinitoa katika kifungo cha kumwogopa mtu niliyefanya kazi chini yake. Si ushuhuda wa furaha sana, lakini ni wa kweli.

Ninaitwa Nyambura, wa Gatuanyaga. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa haya. Wageni wakija nyumbani nilijificha nyuma ya banda la mbuzi mpaka waende. Nikitumwa dukani nilisimama pembeni mpaka mwenye duka anione mwenyewe, na waliokuja nyuma yangu wanahudumiwa na kuondoka. Shuleni mwalimu akiuliza nani hajaelewa, sikuinua mkono hata siku moja. Kila mtu alidhani ninaelewa.

Baba alikuwa ametuacha, mvua ikakosa, mahindi yakakauka yakiwa mafupi. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni. Mama hakunituma kazi, lakini nilimwona anauza mbuzi mmoja baada ya mwingine, nikajua zamu yangu imefika.

Tata yangu, dada ya mama, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha makadamia, zile njugu za maganda magumu, upande wa Ruiru. Aliacha kwa sababu ya miguu, akaenda kukaa na binti yake Nyahururu. Aliposikia hali yetu alipiga simu, akasema niende pale kiwandani, na nikifika nimtafute Mama Kelvin, msimamizi wa ukumbi wa kuchambua. Alisema ni mtu wa mkoa wa Magharibi, mkali kidogo lakini roho yake safi, na kwamba wao wawili walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja.

"Usimwite jina lake kama rika lako," Tata akaniambia. "Mwite Mama Kelvin. Huyo kijana ndiye macho yake."

Nililishika neno hilo. Kwetu mtu mzima haitwi jina lake, anaitwa mama wa fulani au baba wa fulani. Nilipoenda Ruiru sikujua lolote kuhusu kiwanda, lakini jina la kusalimia nilikuwa nalo.

Askari wa geti alinielekeza mpaka mlango wa ukumbi. Ndani niliona mwanamke mrefu, ovaroli nyeupe, neti ya nywele, amenipa mgongo. Nilikusanya nguvu zangu zote nikasema, "Habari ya asubuhi, Mama Kelvin."

Aligeuka haraka sana. Trei aliyokuwa ameshika ilimponyoka, makadamia yakatawanyika sakafuni mpaka chini ya meza. Wanawake waliokuwa wakichambua wote waliacha kazi wakanitazama. Nilidhani nimekosa kwa kuingia na viatu vya nje. Nikapiga magoti nikaanza kuokota.

Alinipa kazi siku hiyo hiyo, maana msimu ulikuwa umeanza na mikono ilihitajika. Alinieleza kwa haraka. Makadamia mazima huku, yaliyovunjika huku, yaliyooza na vipande vya maganda ndani ya ndoo. Nikasema sawa. Sikuwa nimeshika hata nusu ya alichosema.

Ndugu zangu, pale ukumbini wenzangu wote walimwita Madam. Mimi niliwahurumia. Kwangu Madam ni mwalimu aliyeshika kiboko. Nikajiambia moyoni kwamba hawa wamefundishwa vibaya, mimi nitampa mama huyu heshima yake kamili. Kwa hiyo kila asubuhi, nikifika pale mlangoni, nilimsalimia, "Habari ya asubuhi, Mama Kelvin." Kwa mtu mwenye haya kama mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa. Nilikuwa naifanyia mazoezi njiani. Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu pekee kwa siku nzima.

Na kila asubuhi aligeuka vile vile, haraka, kama mtu aliyeguswa na moto. Halafu akiniona, uso wake unafungika. Hakuitikia hata mara moja.

Msimu haujaenda mbali, alinitoa mezani akanipeleka nyuma, kwa maganda. Huko ndiko mashine inapasulia, na maganda yanachotwa yakapelekwe kuchomwa kwenye tanuri la mvuke. Kuna joto, kuna vumbi, na kelele ni nyingi hata huwezi kusikia mawazo yako. Wanaopelekwa huko ni wanaume au watu walioadhibiwa. Mimi sikuwa mwanamume. Basi nilijua nimeadhibiwa, ila sikujua kwa nini.

Akija kunipa maagizo alikuwa anaangalia pembeni, anasema maneno mawili na kuondoka. Mimi nasema sawa. Akienda, nabaki nimesimama sijui nianze wapi. Nikakosea. Mara nimepeleka maganda mabichi pamoja na makavu, mara nimeacha mlango wa kikaushio wazi. Alinikemea mbele ya watu. "Si ulisema sawa?" aliniuliza. Nikasema sawa tena. Watu wakacheka.

Mchana nilikuwa nakula peke yangu nyuma ya stoo. Sikumwendea mtu, na hakuna aliyekuja, isipokuwa Mercy, msichana wa Gatundu tuliyekuwa tunakodi naye chumba kimoja Ruiru. Naye siku moja aliniambia, "Wewe ni mjeuri wa kimya kimya, unajua?" Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Neno lilifika kooni likakaa hapo. Nikaendelea kula.

Nikaanza kuogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa. Nikisikia viatu vyake vya gambuti vinakuja, najificha nyuma ya mashine. Nikawa naamka asubuhi nikiwa tayari nimechoka. Wakati huo watu walikuwa wamesema kwamba msimu ukiisha vibarua wengi watarudishwa nyumbani, na wachache watabaki kwenye upakiaji mwaka mzima, na kwamba anayechagua ni yeye. Nikajua nimekwisha. Mwisho wa mwezi nilienda Gatuanyaga, mama akaniuliza kama tunapatana na mkubwa wangu. Nikasema tunapatana. Akamshukuru Mungu, akaniambia wadogo zangu wamepokelewa darasani kwa sababu alimwambia mwalimu mkuu kwamba mimi nina kazi ya kudumu. Nililala na neno hilo kifuani kama jiwe.

Nilitafuta sababu ya chuki yake, na nilipokosa sababu nikaitengeneza. Nikasema ni kwa vile mimi ni Mkikuyu na yeye ni mtu wa Magharibi. Shetani hupenda sana wazo hilo, maana halimtaki mtu afikiri.

Ndugu zangu, sasa nafika pale Bwana aliponigeuza.

Katika ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba hapa Ruiru, Jumapili mchana, tuna desturi ya kutoa haja zetu. Mtu anataja tatizo, na kama kuna mtu anayemtesa anamtaja kwa jina, kisha wote tunasimama, tunainua mikono, na kuomba adui huyo aondolewe njiani. Mimi nilikuwa sijawahi kutoa haja. Siku hiyo, kwa sababu ya ule mzigo, niliinua mkono. Dada waliokuwa pale walishangaa wakapiga makofi. Nikasimama nikiangalia sakafu, nikasema kuna msimamizi wangu kazini anayenichukia bila sababu, ananinyima amani, na nataka Mungu amwondoe kabla hajaniondoa mimi. Wakaniuliza jina lake. Nikasema ni Mama Kelvin.

Watu walikuwa wameshasimama. Mikono ilikuwa juu. Mmoja alikuwa ameanza kuita, "Baba, katika jina la…"

Mama Shiro, anayetuletea mayai kutoka Theta, alishusha mikono yake. "Ngojeni kwanza," akasema. "Mama Kelvin gani? Yule mrefu wa kiwanda cha makadamia? Anakaa Theta?"

Nikasema ndiye.

"Nyambura, Kelvin alikufa mwaka jana. Aliingia kuogelea kwenye shimo la kuchimbia mawe, lile lililojaa maji ya mvua. Mama yake alikuwa kazini. Hana mtoto mwingine."

Watu wakaketi mmoja mmoja. Yule aliyekuwa ameanza kuomba hakumaliza. Mimi nilibaki nimesimama. Niliona asubuhi zile zote kwa mara moja, mlango ule, sauti yangu ninayoifanyia mazoezi njiani, na vile alivyokuwa akigeuka. Hakuna aliyenilaumu. Mama Shiro alinishika mkono akanikalisha, akaniambia sikujua. Siku hiyo hatukuomba tena. Tulikunywa chai.

Jumatatu nilifika mlangoni nikakosa la kusema. Mama Kelvin singeweza. Madam nalo liligoma, kwa sababu lilionekana kama namfukuza mtoto wake mara ya pili. Nikapita kimya, nimeinamisha kichwa. Wiki hiyo yote nilipita hivyo. Na niliona jambo lililonitia uchungu zaidi. Wakati wa kuingia, alikuwa anaangalia mlango. Nikipita bila kusema kitu, anaendelea kuangalia kidogo, halafu anarudi kwenye mkanda wa mashine.

Nilimwomba Mungu anipe mdomo. Sikuomba kitu kingine. Sikuomba hata nibaki kazini. Nilisema, Baba, nipe mdomo kwa dakika moja tu, baadaye unaweza kuuchukua.

Ijumaa mchana nilimkuta ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, karibu na bomba tunalooshea gambuti, na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Nilipofika mbele yake hotuba yote ilipotea. Likatoka neno moja.

"Nikuiteje?"

"Umesema?"

"Nikuiteje. Mimi sikujua. Ni Tata aliniambia hilo jina."

Akaniuliza Tata ni nani. Nilipomtaja, aliweka kikombe chini. Akauliza kwani Tata hakuambiwa msiba. Nikasema hakuambiwa, ndiyo maana alinituma na jina hilo la heshima. Akasema kwa sauti ndogo kwamba namba ya Tata alikuwa nayo na alitaka kumpigia, lakini kila mara aliona ataanza kusema nini. Nikaelewa kwamba hata yeye, na ukali wake wote, kuna neno lililokuwa limemkaa kooni.

Kisha akanionyesha ukumbi kwa kidevu. "Unajua pale unasimama ukinisalimia asubuhi? Pale ndipo askari wa geti alisimama siku ile. Alisema, Mama Kelvin, kuja kidogo. Mimi nikamwambia angoje nimalize hii trei."

Alichukua kikombe chake akakitazama ndani.

"Nikamaliza trei, Nyambura. Nikaiweka vizuri. Ndio nikaenda. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameniita hivyo ndani ya huu ukumbi. Halafu ukaja wewe. Kila asubuhi, mlango ule ule, unaniletea hiyo habari upya."

Nilianza kulia. Sikuwa na neno lolote la kumfariji, na nashukuru kwamba sikuwa nalo. Nililia tu nimesimama, na yeye akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua.

"Na hata jina lenyewe unaliharibu," akasema. "Unasema Kervin. Kervin ni nani?"

"Kervin," nikasema, nikidhani najirekebisha.

"Kelvin. Inua ulimi. Kel."

"Ker… Kel. Kelvin."

"Sasa huyo ndiye wangu," akasema, na akacheka, ndugu zangu, akacheka kabisa. Kisha akafunika uso kwa aproni akakaa hivyo mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia.

Alipoinuka aliniambia neno ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika. Alisema asubuhi nimwite Madam kama wengine, maana asubuhi ana kazi ya kusimamia watu na hataki kuanguka mbele yao. "Lakini jioni, tukishatoka geti, niite vile ulikuwa unaniita. Hata huko Theta wameacha. Wananiona wanaogopa, wananiita dada, wananiita jirani. Ni kama sikuzaa."

Nikasema sawa.

"Na hiyo sawa yako ndiyo imenisumbua hata kuliko jina," akasema. "Ukiambiwa kitu unasema sawa, kumbe huku ndani hakuna kitu. Mimi siko ndani ya kichwa chako. Kuanzia leo usiniambie sawa. Niambie umesikia nini."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kufanya kazi na mkubwa wangu, na nataka wenye kazi mnisikilize hapa. Akinipa agizo, nilikuwa nalirudia kwa maneno yangu mwenyewe. Mwanzoni wengine walinicheka, wakaniita kasuku. Mara nyingi nilikuwa nimesikia vibaya, na yeye ananirekebisha pale pale kabla sijaharibu. Asubuhi nilimwendea kabla hajanijia, nikamuuliza leo anataka nini kimalizike kwanza. Nikagundua kwamba na yeye ana mkubwa anayemwogopa, meneja wa ghorofani, na kwamba kelele nyingi alizotupigia zilikuwa zimetoka juu zikipita kwake. Hakunirudisha mezani haraka. Aliniacha kwa maganda mpaka nilipoijua kazi ya maganda. Safari hii sikuona kama adhabu, kwa sababu nilijua nitarudi lini, na nilijua kwa kuwa nilimuuliza.

Siku moja, nikiwa nimesharudi mezani, nilimwaga kreti ambayo haijachambuliwa juu ya ile iliyokuwa tayari kupakiwa. Zamani ningenyamaza na kuomba isionekane. Miguu ilitaka kukimbilia Gatuanyaga. Nikamwendea nikamwambia, Madam, nimechanganya, kreti ni hii, hakuna mwingine aliyeigusa. Alinitazama kwa hasira kweli. Kisha akavaa glavu, na wakati wa chakula tukachambua upya sisi wawili, bega kwa bega. Tulipomaliza akapanda mwenyewe kumweleza meneja kwa nini upakiaji umechelewa. Sikusikia alichosema. Alirudi akaniambia niende nile.

Jioni tulitembea pamoja kutoka getini mpaka barabara kuu. Pale nilimwita jina lake, nikiweka ulimi juu. "Usiku mwema, Mama Kelvin." Siku nyingine alinisimulia, kwamba kijana alikuwa hapendi samaki wa omena, kwamba alikuwa anamcheka mama yake akiongea Kikuyu na wateja wa sokoni, kwamba walimzika kwao Magharibi na yeye hajaweza kurudi kuliona kaburi. Siku nyingine hakusema kitu. Anaitikia tu, "Ee, Nyambura," halafu anavuka barabara.

Msimu ulipoisha tulikusanyika uwanjani, yakasomwa majina ya wanaobaki. Jina langu lilikuwamo. La Mercy halikuwamo. Nilifurahi na nikaumia ndani ya pumzi moja. Chumbani, akifunga nguo zake, Mercy hakuniangalia.

"Umefika," akasema. "Umelilia mtoto wa watu mpaka umepata kazi. Mimi ningemtoa wapi wa kumlilia?"

Neno hilo lilinichoma kuliko maganda. Niliogopa huenda ni kweli. Kesho yake nilimuuliza Madam wazi, na mwone vile Mungu alikuwa amenipa mdomo, nikamuuliza kama alinichagua kwa ajili ya Kelvin. Alikasirika. Akasema kama angechagua kwa ajili ya Kelvin angeniondoa, maana mimi ndiye ninayemkumbusha zaidi ya wote. "Nimekuchagua kwa sababu ukikosea unakuja mwenyewe," akasema. "Mercy ni mwepesi wa mikono kukushinda. Lakini yeye akikosea, mimi naambiwa na meneja."

Nilimpigia Mercy nimwambie nimemtafutia kazi kwa jirani, lakini hajapokea simu yangu mpaka leo. Nimeliacha hilo kwa Bwana, na bado linauma.

Ndugu zangu, Mungu alinitoa katika hofu. Bado nina haya, bado nakaa karibu na mlango. Lakini sasa nikiwa sijaelewa nasema sijaelewa. Nikimwona mtu amenikunjia uso, siandiki sababu moyoni mwangu bila kumuuliza. Karibu niombe mama aliyefiwa aondolewe duniani, na watu wa Mungu walikuwa wameshainua mikono. Asante Yesu uliyemleta Mama Shiro na mayai yake siku hiyo. Asante kwa wadogo zangu walio darasani, na kwa mama yangu ambaye sasa nikimwambia tunapatana, si uongo.

Kabla sijaandika haya nilimwendea Mama Kelvin jioni, nje ya geti, nikamwomba ruhusa. Nilisema ikiwa hataki, nitachana. Alitazama magari yakipita. Kisha akasema niandike, na jina la kijana nisilibadilishe. Nikamuuliza nimalizie vipi upande wake, maana ushuhuda huishia mahali mtu ameponywa.

"Usiandike nimeponywa," akasema. "Sijaponywa. Andika kwamba niliamka nikaenda kazini."

Basi nimeandika hivyo.

Wewe unayemwogopa yule anayekusimamia, mtumaini Mungu akupe neno moja, hata kama ni neno fupi, na ulipeleke kwake mchana akiwa ameketi. Huenda ni mtu mbaya kweli, sijui. Lakini huenda ni mtu aliyemaliza trei.

Ninaomba mniandikie kupitia kanisa, hata mistari miwili. Nitajibu polepole, lakini nitajibu. Na mkimwombea yule mama, mtajeni kwa jina lake la jioni.